Kuacha Fizikia kidato cha tatu: daraja linaokolewa kweli?

Kipindi chetu cha asubuhi kimepokea ujumbe wa mama mmoja wa Nyabusozi, wilayani Biharamulo. Binti yake amepata F ya Fizikia kwenye upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili. Sasa anataka kuliacha somo hilo ili lisimharibie daraja kidato cha nne. Huyo huyo anasema atasomea udaktari Bugando. Mama anauliza, amruhusu?

Tuanze na daraja, maana hapo ndipo wengi tunapotea. Baraza la Mitihani, NECTA, hupanga daraja la kidato cha nne kwa masomo saba tu, yale ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Mwenye C saba ana pointi 21, daraja la pili. Mwongezee F ya Fizikia kama somo la nane: bado ni 21. Kwa hiyo F hiyo peke yake haimshushi. Kinachoweza kumshusha ni muda, kama Fizikia itamla saa ambazo angezitumia kwenye Hesabu na Kiingereza.

Kuiacha ndiko kuna gharama. Bila Fizikia ya kidato cha nne hapangiwi PCB kidato cha tano. Shahada ya udaktari, iwe Bugando au Muhimbili, humtaka mhitimu wa kidato cha sita awe na ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia, yote matatu, na waombaji ni wengi kuliko nafasi. Hata njia ya chuo cha kati inaziba: stashahada ya utabibu hudai ufaulu wa Fizikia kidato cha nne pamoja na Kemia na Baiolojia. Hapo D inatosha, na ndiyo maana namshauri binti aitafute hiyo D.

Mimi niliacha Fizikia kidato cha tatu. Shule ilikuwa na mwalimu mmoja wa somo hilo, naye alikuwa akifundisha Hesabu pia, na nilifurahi kama nimefunguliwa kamba. Habari ya masomo saba nimekuja kuijua nikiwa na kipaza sauti mkononi.

Kidato cha tano mambo ni tofauti. Pale daraja linatokana na masomo matatu ya tahasusi, kwa hiyo Fizikia mbovu inauma kweli. Anayehama PCB kwenda CBG mapema anaweza kufanya busara: udaktari unafungwa, lakini shahada nyingi za kilimo pale SUA, Morogoro, zinabaki wazi. Ila asihame kwa kukimbia hesabu, kwani BAM ataikuta huko huko.

Anayetaka sheria au uandishi wa habari aache Fizikia bila hofu. Kwa binti wa Nyabusozi, mama aende shuleni kabla majina hayajapelekwa NECTA, aulize pia mtaala mpya unasemaje kwa darasa lake. Akiacha sasa na kujuta baadaye, anaweza kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, lakini atajilipia ada, na itabidi atafute mahali penye maabara ya kufanyia mazoezi ya vitendo.