Chombo cha Mkononi Kwa Mama Aliyepasuliwa

Mama akizaa kwa kupasuliwa, na sauti ya mtoto ikisikika, jamaa hushangilia wakisema, "Amepona!" Sisi watumishi wa hospitali hatusemi neno hilo upesi. Siku ile ya kwanza damu inaweza kumwagika ndani ya tumbo, wala kitambaa cha kidonda kisilowe. Mama huonekana amelala tu.

Lakini moyo wake haulali. Damu ikipungua, moyo huenda mbio ili ile iliyobaki ifike mwili wote. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika hupiga mara 60 mpaka 100 kwa dakika. Ukipita 120 naye amelala kimya, kuna hatari, hata kama nguvu ya damu haijashuka. Maana hiyo hushuka nyuma, pengine wakati mama amekwisha kulegea. Kwa hiyo munganga hurudi mara kwa mara kushika mkono wake na kutazama saa. Lakini usiku, akiwa peke yake na wagonjwa 30, atamfikia kila mmoja mara ngapi?

Kule Mbarara, magharibi ya Uganda, wanganga wa hospitali kubwa ya serikali wamejaribu chombo kidogo kinachofungwa juu ya mkono, karibu na bega. Hupima mapigo ya moyo, pumzi, joto, na hewa iliyo katika damu, mchana na usiku. Kipimo kikiharibika, habari hufika katika telefone ya munganga.

Ni kazi nzuri. Lakini chombo hakizuii damu kutoka. Kikiita, lazima aweko mtu wa kuamka, na dawa, na damu ya kumwongezea mama. Tena pengine huita bure, kwa sababu mama amegeuka na chombo kimelegea. Wanganga wakichoka kuitwa bure, siku ya hatari hawatakimbia. Naona hilo ni gumu kuliko bei yake.

Ninyi jamaa mnaolinda mgonjwa, msikifungue mkiogopa kwamba kinanyonya damu. Hakina sindano, humulika ngozi kwa nuru ndogo tu.

Katika hospitali nyingi za kwetu hakipo bado. Basi mama akianza kuhema, akitoka jasho la baridi, akiona kiu sana, au maneno yake yakichanganyika, msingoje asubuhi: mwamsheni munganga. Na akiisha kurudi nyumbani, joto likifika digrii 38, au kidonda kikitoa usaha, mrudisheni hospitali siku ile ile.