Mradi Mpya Chuoni: Nani Aliulizwa, Nani Atahesabu?

Katika vyuo vya ufundi vya Pwani yetu, kuanzia Vanga hadi Lamu, neno "ubunifu" limekuwa likisikika kila muhula. Leo huletwa vyerehani vya umeme, kesho kompyuta, keshokutwa hutangazwa kilimo cha kisasa cha mboga au ufugaji wa samaki. Utepe hukatwa, hotuba hutolewa, picha hupigwa, na wazazi hurejea makwao wakiwa na matumaini kwamba watoto wao wamepata njia.

Hatuna ugomvi na mambo mapya. Swali letu ni la baada ya sherehe. Mwaka mmoja ukishapita, je, vyerehani vile bado vinashona? Na mabinti waliofundishwa, wangapi wanajilisha kwa ufundi huo? Mashine ikiharibika, chuo kitapata hasara ya mashine. Lakini binti aliyetumia miaka miwili kujifunza kazi isiyotakikana sokoni, miaka yake hairudi, na karo aliyolipiwa na mama yake kwa kuuza viazi na mahamri haitarudi pia. Kwa sababu hii, kupendekeza mradi na kuupima si shughuli ya walimu na wafadhili peke yao. Ni jambo la familia.

Tena mlango wa kuingilia upo. Katiba ya mwaka 2010 iliziweka politekniki za vijiji chini ya serikali za kaunti, na Kifungu cha 35 humpa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Mzazi anayetaka kujua fedha za karakana zilikwenda wapi haombi hisani. Anadai haki yake, kwa adabu.

Chuo kilichoanza kwa haja

Pwani si mgeni wa jambo hili. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa tunachokiona leo Tudor kilianza kama pendekezo la mradi. Mazungumzo yalimhusisha Sultani wa Zanzibar, Sayyid Khalifa bin Haroub, pamoja na Aga Khan na Sir Philip Mitchell, aliyekuwa Gavana wa Kenya. Haja waliyoiona ilikuwa wazi: vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki hawakuwa na elimu ya ufundi ya kutosha. Mwaka 1948 ikaanzishwa taasisi ya elimu ya Waislamu iliyojulikana kwa kifupi kama MIOME.

Mchango haukutoka mfuko mmoja. Sultani alitoa pauni 100,000, Aga Khan pauni 100,000, jamii ya Mabohora pauni 50,000, na serikali ya kikoloni ikaongeza pauni 50,000. Ardhi ilitolewa na Sheikh Khamis bin Mohamed bin Juma Mutwafy. Wanafunzi wa mwanzo waliingia Mei 1951. Baadaye milango ilifunguliwa kwa watu wa dini na kabila zote. Mwaka 1966 jina likabadilika, mwaka 1972 kikawa Chuo Anuwai cha Mombasa, na mwaka 2013 kikapewa hati ya chuo kikuu.

Historia hii ina mafunzo mawili. La kwanza, haja ilitajwa kabla ya jengo. Hawakuanza kwa kuuliza wajenge nini, bali ni nini kilichokosekana. La pili, chuo hakikung'ang'ania umbo lake la awali. Kila mahitaji yalipobadilika, nacho kilibadilika. Hata hivyo, majina yanayotajwa katika asili yake ni ya masultani, magavana na matajiri. Zama zetu zinadai zaidi ya hapo: aulizwe pia mama wa Majengo, wa Msambweni na wa Faza.

Nyanya waliowasha taa

Upande wa kuuliza wanawake, ndugu zetu wa Unguja wana mfano wa kuangaliwa. Kijijini Kinyasini, kaskazini ya kisiwa, mwaka 2015 kilifunguliwa tawi la Barefoot College, chuo kilichoanzishwa Tilonia, Rajasthan, nchini India, mwaka 1972. Kabla ya hapo wanawake wa Zanzibar walikuwa wakisafiri hadi India kusoma. Wanafunzi wake wengi ni wanawake wa makamo, baadhi yao nyanya, wasiosoma shule ila kwa uchache. Hufundishwa kwa miezi kadhaa kuunganisha, kufunga na kutengeneza vifaa vya umeme wa jua. Asiyejua kusoma hujifunza kwa rangi, kwa ishara na kwa mikono.

Kwa nini nyanya, na vijana wapo? Waanzilishi wa chuo hicho walikwisha kuona kwamba kijana akipewa cheti, aghalabu hukichukua akaenda nacho mjini kutafuta kazi. Mama mwenye nyumba, wajukuu na shamba hurejea kijijini na kubaki. Basi wakamchagua mwanafunzi kwa kutazama mahali taa itakapowaka.

Lakini kilichoufanya mradi udumu zaidi ni mpango wa malipo. Kabla mwanamke hajaenda chuoni, kijiji hukutana, humchagua, na huunda kamati. Kila nyumba inayofungiwa umeme hulipa ada ndogo ya mwezi, inayolingana na kile ambacho ingetumia kununua mafuta ya taa. Katika fedha hizo fundi hupata ujira wake, na vifaa vilivyokufa hupata vipuri. Kwa maneno mengine, swali la "nani atatengeneza ikiharibika?" lilijibiwa kabla ya kifaa cha kwanza kununuliwa. Miradi mingi huku kwetu hulifikia swali hili baada ya kifaa kufa.

Pendekezo zuri lina maswali haya

Tuchukue mfano wa kwetu. Msimu wa maembe ukifika, katika sehemu nyingi za Kilifi na Kwale ngowe na boribo huoza chini ya miti kwa kukosa soko. Tuseme chuo kimoja kinapendekeza kuwafundisha wanawake kukausha maembe kwa jua na kuyauza yakiwa yamefungwa. Wazo ni tamu. Tulipime.

Kwanza, hesabu ya mali ghafi. Kilo 10 za maembe mabivu, ukitoa maganda na kokwa, hubaki na nyama ya takriban kilo 6. Sehemu kubwa ya nyama hiyo ni maji. Ikikaushwa vyema hubaki kama kilo 1 na robo kwa upeo. Tuseme kilo ya embe hununuliwa shilingi 20. Basi kila kilo ya maembe makavu imekula karibu shilingi 160 za matunda pekee, kabla ya kulipa mikono, mifuko na nauli. Je, yuko mnunuzi wa bei itakayobakisha faida? Pendekezo lisilo na hesabu hii ni ndoto tu.

Pili, hali ya mahali. Kikaushio chenyewe si kigumu: sanduku la mbao, bati lililopakwa rangi nyeusi, wavu, na nailoni nzito inayopitisha mwanga. Seremala wa mtaani aweza kukiunda. Lakini hewa ya Pwani ina unyevu mwingi, na mvua haitoi taarifa. Embe lisilokauka sawasawa huota ukungu. Kwa hiyo kijengwe kikaushio kimoja, kijaribiwe msimu mmoja, ndipo vijengwe 10.

Tatu, sheria. Chakula kinachofungwa na kuuzwa dukani huhitaji kukidhi viwango vya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, pamoja na masharti ya afya ya umma. Gharama na muda wa hayo viandikwe ndani ya pendekezo, visije vikawashangaza kina mama wakiwa na mifuko 300 isiyoruhusiwa kuuzwa.

Nne, muda wa wanawake. Mama anaamka alfajiri, anatayarisha watoto, anateka maji, anapika. Akiambiwa awe chuoni saa mbili asubuhi hadi saa kumi, nani atakayembebea mzigo wa nyumbani? Mafunzo yakipangwa baada ya watoto kuingia shule na madrasa, na kukawa na chumba cha kulelea wachanga, waliojiandikisha hawatapungua kila wiki.

Tano, na hili husahaulika sana: ni matokeo gani yatakayotufanya tusimamishe mradi? Iandikwe tangu mwanzo. Kwa mfano, "ikiwa baada ya misimu miwili mauzo hayajalipa gharama za matunda na mifuko, tutasita na kutafakari upya." Mradi usiowekewa kikomo huendelea kwa haya tu, kila mtu akichelea kuwa wa kwanza kusema kwamba haufanyi kazi.

Kupima si kutafuta mchawi

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tathmini ndiyo daftari la mradi. Wengi wetu tukisikia neno hilo huona ukaguzi unaokuja kumfukuza mtu kazi, hivyo mwalimu huandika ripoti ya kupendeza: "Wanawake 40 walifundishwa." Idadi hiyo haituambii chochote. Ya kuulizwa ni haya: kati ya 40, wangapi walimaliza? Walioacha, waliacha kwa sababu gani? Miezi sita baadaye, wangapi wanapata kipato kutokana na ufundi ule? Na kipato hicho, anakishika nani nyumbani?

Ili majibu yawe na maana, yafaa hali ya awali iandikwe kabla ya mafunzo kuanza. Usipojua mama alikuwa akipata kiasi gani mwezi uliopita, huwezi kusema mwaka ujao kwamba mradi umemwinua.

Mfano wa kupima vyema tunao Gazi, kaunti ya Kwale. Mradi wa Mikoko Pamoja ulianza mwaka 2013, ukisimamiwa na wakazi wa Gazi na Makongeni kwa kusaidiana na wataalamu, wakiwemo wa taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, yenye kituo huko huko Gazi. Wanalinda mikoko ya takriban hekta 117, na hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti na udongo wake huuzwa kwa hati kwa wanunuzi wa mbali. Biashara hiyo haiendi kwa maneno matupu. Miti hukaguliwa, ripoti hutolewa kila mwaka kwa shirika linalothibitisha hati hizo, na mtu akikata mikoko, kipato cha kijiji kizima kimo hatarini. Faida imeingia katika maji na vitabu vya shule, na matumizi yake huzungumzwa katika mikutano ya wanakijiji. Mwaka 2017 mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Gazi si chuo, lakini yafaa kuwa darasa la kila chuo. Pale tathmini haikuletwa mwishoni kama mtihani. Imesukwa ndani ya mradi wenyewe, na mwanakijiji wa kawaida anaelewa uhusiano wa mti uliosimama na bomba linalotoa maji.

Kazi iliyo mbele yetu

Sisi Waislamu tuna maneno mawili yanayolibeba jambo hili: shura na amana. Mashauriano huja kabla ya uamuzi, na amana huwa na siku ya kurudishwa hesabu. Mchango wa msikitini, fedha za basari na ardhi ya wakfu vikiingia chuoni, havijawa mali ya mkuu wa chuo wala ya mwenyekiti wa kamati.

Mkutano ujao wa wazazi utakapoitwa, kina mama wasikae nyuma wakisubiri chai. Waende wawili watatu pamoja, mmoja awe na daftari. Waombe pendekezo lisomwe kwa Kiswahili, si muhtasari wake tu. Waulize ni nani watakaotengeneza vifaa na kwa fedha zipi. Waulize matokeo ya mradi uliotangulia kabla ya kuupigia makofi huu mpya. Waombe angalau wanawake wawili wawemo katika kamati ya kupima, mmoja wao awe ni aliyewahi kusoma chuoni hapo, kwani yeye anajua kilichomfaa na kisichomfaa.

Mwalimu mwema hatachukizwa. Maswali haya yatampa nguvu ya kumwambia mfadhili: "Vyerehani tunavyo. Tulichokosa ni fundi wa kuvitengeneza na soko la nguo. Tusaidie hapo." Na binti zetu wanaongojea muhula mpya uanze wanastahili jibu hilo kabla hatujawalipia karo.