Mpira Mmoja, Mifuko Miwili: Ligi za Kikapu cha Watatu kwa Watatu

Jioni ya tarehe 5 Agosti 2024, katika uwanja uliojengwa kwa muda pale Place de la Concorde mjini Paris, zilichezwa fainali mbili za Olimpiki za mpira wa kikapu wa watatu kwa watatu, na zote mbili zikaamuliwa kwa tofauti ya pointi moja. Wanawake wa Ujerumani waliwashinda wanawake wa Hispania kwa 17 kwa 16. Nao wanaume wa Uholanzi, waliomaliza dakika zao wakiwa sare ya 16 na Wafaransa wenye uwanja, na ambao katika muda wa nyongeza walikuwa wamekwisha tanguliwa, waliokolewa na mwenzao Worthy de Jong, aliyeurusha mpira kutoka nje ya tao huku mlinzi akiwa mbele yake, ukatumbukia kikapuni, na kwa kuwa mtupo wa mbali katika mchezo huu una thamani ya pointi mbili, mambo yakaisha papo hapo kwa 18 kwa 17. Hadhira iliyohudhuria haikupewa fainali kuu na fainali ndogo. Ilipewa fainali mbili zilizolingana kwa taadhima, kwa kanuni na kwa medali. Swali linalostahili kuulizwa baada ya shangwe kama hiyo ni la riziki: wanaume na wanawake hawa, baada ya kushuka jukwaani, wanaishi kwa ujira gani?

Kabla ya kulijibu swali hilo, inafaa kuutazama mchezo wenyewe kwa karibu, kwa maana ugumu wake haudhihiriki kwa mtu anayesikia tu kwamba uwanja ni nusu, goli ni moja na wachezaji ni watatu kila upande na mmoja wa akiba. Uwanja una upana wa mita 15 na urefu wa mita 11; mchezo ni wa dakika 10, au huisha mapema ikiwa timu moja itafikisha pointi 21; na kila timu ipatapo mpira hupewa sekunde 12 tu za kurusha, nusu ya zile 24 za kikapu cha kawaida. Mpira ukishaingia wavuni, refa hapulizi filimbi kuwapa watu wasaa wa kujipanga: timu iliyofungwa huuokota palepale chini ya goli na ni sharti iutoe nje ya tao, kwa kuudunda au kwa pasi, ndipo ipate haki ya kushambulia, na katika nukta hizo chache aliyekuwa akifunga amekwisha kuwa mlinzi, na aliyekuwa mlinzi anatafuta upenyo, na mapafu ya wote wawili yanawaka moto. Wala hakuna kocha benchini wa kumkimbilia. Kanuni haimruhusu kuelekeza wakati wa mchezo, hivyo nani atoke, nani aingie, lini isimamishwe saa, yote hayo huamuliwa na wachezaji wanne wenyewe, wakiwa wanatweta.

Kuna jambo moja katika kanuni hizo ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Katika kikapu cha watano wanaume huchezea mpira mkubwa na mzito, na wanawake mpira mdogo na mwepesi. Lakini waliotunga kanuni za watatu kwa watatu waliufanya mpira mmoja kwa wote, wenye mzingo wa ule wa wanawake na uzito wa ule wa wanaume.

Laiti fedha nazo zingefuata mpira. Asili ya mchezo huu ni viwanja vya mitaani, ambako aghalabu hapakuwa na watu kumi wala magoli mawili, na ambako ujira ulikuwa sifa. Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Kikapu, FIBA, liliuingiza katika Olimpiki ya Vijana ya Singapore mwaka 2010, likaanzisha mzunguko wa dunia wa timu za wanaume mwaka 2012, na Juni 2017 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikaridhia uchezwe Tokyo. Mzunguko ule wa wanaume ndio uliozaa kazi. Timu zake hubeba majina ya miji, nazo husafiri kutoka mashindano hadi mashindano zikiwania zawadi za fedha. Ndivyo vijana wa Novi Sad nchini Serbia, Dušan Bulut na Dejan Majstorović miongoni mwao, walivyoweza kuyafanya maarifa ya mtaani kuwa kazi ya kudumu, na haishangazi kwamba Serbia ilitwaa ubingwa wa dunia mara sita kati ya 2012 na 2023. Mzunguko wa wanawake ulingoja hadi 2019, na hata ulipokuja, kwa sehemu kubwa umekuwa ni wa timu za taifa. Tofauti hiyo si ndogo. Mwanamume ana timu ya mji wake, ambayo ndiyo kazi yake mwaka mzima, ilhali mwanamke aghalabu hungoja kuitwa na taifa, na asipoitwa hana pa kuchezea.

Marekani hali ilikuwa vivyo hivyo kwa njia nyingine. Mwaka 2017 Ice Cube, mwanamuziki na mwigizaji, pamoja na mshirika wake Jeff Kwatinetz, walianzisha ligi ya BIG3 kwa ajili ya wanaume ambao wengi wao walikuwa wamekwisha kustaafu ligi kuu ya nchi hiyo, wakaongeza na maduara ambayo mtupo kutoka humo huleta pointi nne. Ligi hiyo ilikuwa na insafu ya kuwakabidhi wanawake timu za kufundisha, nao hawakuiangusha: Nancy Lieberman alitwaa ubingwa wa 2018 akiwa na timu ya Power, na mwaka uliofuata Lisa Leslie akautwaa akiwa na Triplets. Wanawake waliwafundisha wanaume kushinda, miaka miwili mfululizo, katika mchezo ambao wao wenyewe hawakuwa na ligi ya kuucheza kwa mshahara.

Waliokuwa bado na nguvu za kucheza walikuwa wakifuata riziki ng'ambo. Msimu wa ligi ya wanawake ya Marekani ulipokwisha, wengi walipanda ndege kwenda Urusi, Uturuki au China, ambako klabu tajiri ziliwalipa ijara kubwa kuliko ile ya nyumbani. Na hatari ya safari hizo ilikuja kuonekana na dunia nzima Februari 2022, Brittney Griner alipokamatwa katika uwanja wa ndege karibu na Moscow akirejea kwenye klabu yake ya Yekaterinburg, akahukumiwa kifungo cha miaka tisa kwa sababu ya mafuta ya bangi yaliyokutwa mizigoni mwake, asiachiwe hadi Desemba, kwa kubadilishana wafungwa baina ya serikali mbili.

Napheesa Collier na Breanna Stewart ndio waliolipatia jambo hili dawa, nao ni wachezaji, hawakuwa matajiri waliotoka nje ya uwanja. Ligi yao, Unrivaled, ilifungua msimu wa kwanza tarehe 17 Januari 2025 kando ya Miami, ikiwa na wachezaji 36 katika klabu sita. Mshahara wa wastani ulizidi dola 220,000 kwa msimu usiofika hata miezi mitatu, na fauka ya mshahara wachezaji walipewa hisa katika ligi yenyewe, ili ikikua wakue nayo. Wapo wanaosema kwamba huu si mchezo halisi wa watatu kwa watatu, kwa kuwa uwanja wao una magoli mawili, ingawa umefupishwa, na robo ya mwisho haina saa: timu iliyo mbele huongezewa 11 juu ya pointi zake, na wa kwanza kuifikia hesabu hiyo ameshinda. Hoja hiyo ni ya haki kwa upande wa kanuni. Kwa upande wa riziki haina uzito wowote, kwani tarehe 17 Machi, timu ya Rose ilipoishinda Vinyl kwa 62 kwa 54, mabingwa wale walikuwa wamepata pato la baridi nzima bila kuvuka mpaka wa nchi yao.

Nasi wa Afrika Mashariki si wageni wa mchezo huu. Kampala iliandaa Kombe la Afrika la watatu kwa watatu mwaka 2019, na Kenya ilipeleka timu ya wanaume na ya wanawake katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham mwaka 2022. Mombasa, Mamlaka ya Bandari imekuwa kwa miaka mingi na timu za kikapu za jinsia zote mbili, kwa hiyo wazo la klabu moja yenye milango miwili si geni kwa watu wa pwani. Kinachokosekana ni ligi ya kulipa, na mashirikisho yetu yatakapoianzisha, naomba yasiwaanzie wanaume kwa ahadi kwamba wanawake watafuata bajeti ikiruhusu, maana ahadi hiyo ndiyo iliyowachelewesha wenzao wa nchi tajiri. Kisingizio cha fedha hakina mashiko hapa. Klabu ya kikapu cha kawaida hulipa wachezaji 12 wa jinsia moja. Klabu ya watatu kwa watatu yenye timu ya kike na ya kiume hulipa wachezaji 8, na wote hao wanatoshewa na goli moja.