Asili na Upekee wa Hatua za Portal: Still Alive: Kazi ya Mashabiki katika Kuzihamishia kwenye Kompyuta

Makala haya yanafafanua namna mashabiki wanavyohamishia kwenye kompyuta hatua za mchezo wa chemshabongo zilizotolewa kwa konsoli pekee. Mfano unaochunguzwa ni Portal: Still Alive, mchezo wa kampuni ya Valve uliotolewa tarehe 22 Oktoba 2008 kwa ajili ya Xbox 360. Hoja kuu ni kwamba upekee wa hatua hizo ulikuwa wa usambazaji, si wa asili.

Still Alive ulijumuisha mchezo wa Portal wa mwaka 2007 pamoja na changamoto 14 za ziada zisizoendeleza hadithi. Changamoto hizo zilitokana na kazi ya kikundi cha We Create Stuff, ambacho kwanza kilibuni Portal: The Flash Version, mchezo wa kivinjari wenye picha bapa, kisha mwaka 2008 kikazijenga upya hatua zake katika umbo la pande tatu kwa wachezaji wa kompyuta. Hivyo basi, kilichouzwa kwenye konsoli kilikuwa kimekwisha kuzaliwa kwenye kompyuta, mikononi mwa mashabiki.

Anayetaka toleo la konsoli lenyewe hukabiliwa na kikwazo cha kiufundi. Prosesa ya Xbox 360 husoma namba kwa kuanza na baiti kubwa, ilhali prosesa za kompyuta nyingi huanza na ndogo. Namba 1 iliyoandikwa kwa baiti nne, ikisomwa kinyume, huwa 16,777,216. Kwa sababu hiyo, faili la ramani haliwezi kunakiliwa tu likafanya kazi.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kugeuza faili lenyewe, yaani kupanga upya baiti zake. Ya pili ni kuijenga hatua upya kwa zana za uhariri ambazo Valve huwapa wachezaji, kwa kupima vyumba, vitufe na milango kwa macho. Njia ya kwanza huzaa nakala, lakini huibua suala la hakimiliki, kwa kuwa faili ni mali ya mchapishaji. Ya pili huzaa tafsiri: umbali wa mruko ukikosewa kidogo, jawabu la fumbo hubadilika.

Tofauti hii ina uzito kwa mtafiti. Msaada rasmi wa Flash ulikoma tarehe 31 Desemba 2020, na duka la mtandaoni la Xbox 360 lilifungwa tarehe 29 Julai 2024. Kadiri matoleo ya awali yanavyozidi kuwa magumu kupatikana, kazi ya mashabiki huelekea kuwa ushahidi unaofikika kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo, kabla ya kuitumia kama data, mtafiti hana budi kubainisha iwapo anachunguza nakala au tafsiri.