Besi safi haihitaji sauti ya kuumiza masikio

Besi ya gari ikionekana haba, wengi hukimbilia kupandisha sauti. Mara nyingi kasoro iko kwenye krosova, yaani mpaka unaogawa kazi kati ya sabufa na spika za milangoni.

Sikio lenye afya husikia mitetemo kuanzia 20 hadi 20,000 kwa sekunde, yaani hezi 20 hadi 20,000. Spika ndogo ya mlangoni ikilazimishwa kutoa hezi 40, huchezacheza kupita uwezo wake na kukwaruza hata sauti ya mwimbaji. Iondolee mzigo huo, nayo itatoa sauti safi.

Kwa magari mengi, anza kwa kuweka krosova kwenye hezi 80. Kwenye amplifaya, kitufe cha LPF huiachia sabufa sauti nzito tu; cha HPF huzizuia zisifike milangoni. Zima kikuza besi, kisha sikiliza wimbo unaoujua vizuri gari likiwa limesimama. Sauti ya mwanamume ikitokea kwenye buti, shusha LPF. Spika za mlangoni zikikwaruza, pandisha HPF. Chini ya hezi 80 hivi, sikio halitambui kwa urahisi sauti inatoka upande gani, kwa hiyo besi husikika kana kwamba iko mbele pamoja na muziki wote.

Halafu jaribu swichi ya fezi: 0 au 180. Sabufa ikisukuma hewa wakati spika za mlangoni zinaivuta, mawimbi hufutana na besi hupotea. Chagua upande wenye besi iliyojaa zaidi.

Marekebisho haya yana maana kiafya. Ukifidia besi kwa kupandisha sauti, unapandisha pia sauti za kati na nyembamba, ambazo sikio huathirika nazo zaidi. Seli zenye vinyweleo ndani ya sikio zikifa, hazioti tena. Taasisi ya NIOSH ya Marekani inapendekeza mfanyakazi asizidishe saa 8 kwa siku penye desibeli 85; kila zikiongezeka 3, muda hupungua kwa nusu. Kwenye desibeli 100 zinabaki dakika 15 tu.

Abiria wa matatu au daladala yenye muziki mkubwa hushuka akaenda zake, lakini dereva na kondakta hushinda humo kutwa. Hao ndio wa kulindwa kwanza. Masikio yakivuma baada ya safari, punguza sauti na uyapumzishe; mlio usipokoma, nenda hospitali ukapimwe usikivu.