Injini, Rafadha na Mashua ya Tanga

Mashua ya tanga iliyofungwa injini ya nje imekuwa chombo cha kawaida katika mwambao wa Afrika Mashariki, kwa kuwa wavuvi na wachukuzi hawapendi tena kungoja upepo wakati wa tanga mbili, yaani kipindi cha pepo zisizotulia baina ya kaskazi na kusi, huku samaki wakiharibika. Mwendo unapokuwa mdogo, dawa inayofikiriwa kwanza ni kununua injini kubwa zaidi. Dawa hiyo ni ghali na aghalabu haiponyi, kwa sababu sehemu kubwa ya nguvu inayolalamikiwa haikukosekana ndani ya injini, bali hupotea baina ya injini na maji.

Chombo kizito kinachokata maji, tofauti na boti nyepesi inayopanda juu yake na kuteleza, huinua wimbi omoni, na kadiri mwendo unavyozidi ndivyo wimbi hilo linavyorefuka, hadi linapolingana na urefu wa chombo chenyewe. Hapo omo huinuka, tezi huzama, na nguvu yoyote inayoongezwa huishia kulikuza wimbi. Msingi wa elimu hii uliwekwa na mhandisi Mwingereza William Froude, ambaye mwaka 1872 alikamilisha huko Torquay tangi la kujaribia vielelezo vya meli. Kwa hesabu ya haraka, huchukuliwa urefu wa chombo kwa mita pale kinapogusa maji, hutafutwa kipeuo chake cha pili, kisha huzidishwa kwa 2.4, hivyo mashua yenye mita 9 hukomea kwenye maili 7 za bahari kwa saa, au kilomita 13 hivi. Hata kabla ya kufikia ukomo huo, kuongeza nguvu mara mbili huleta nyongeza ya mwendo ya takriban robo tu, ilhali gharama ya mafuta hupanda sana.

Kwa hiyo swali lenye faida zaidi linahusu rafadha, ambayo mafundi wengi huiita propela. Rafadha hutambulishwa kwa vipimo viwili: kipenyo, ambacho ni upana wa duara linalochorwa na ncha za mapanga yake, na pichi, ambayo ni umbali ambao rafadha ingesonga mbele katika mzunguko mmoja kama ingepita kwenye kitu kigumu bila kuteleza. Maji si kitu kigumu, na tofauti baina ya umbali huo wa hesabu na umbali halisi huitwa mtelezo. Tuseme injini inazunguka mara 5,000 kwa dakika, gia inapunguza mizunguko hiyo kwa nusu, na pichi ni inchi 9, yaani sentimita 23 hivi: kwa hesabu, rafadha hiyo ingeisukuma mashua karibu kilomita 34 kwa saa. Mashua isiyoweza kuvuka kilomita 13 haiwezi kuitumia rafadha ya namna hiyo, kwa sababu ilikusudiwa boti nyepesi. Injini huelemewa, hushindwa kufikia mizunguko iliyoandikwa na mtengenezaji, na hivyo haitoi nguvu zote iliyonunuliwa kwazo.

Chombo kizito hufaidika na rafadha yenye kipenyo kikubwa, mapanga mapana na pichi ndogo, kwa kuwa kusukuma maji mengi polepole hupoteza nishati kidogo kuliko kusukuma maji machache kwa kasi. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji huuza injini za nje zenye gia inayopunguza mizunguko karibu mara tatu, ili zizungushe rafadha kubwa. Asiyeweza kununua injini ya aina hiyo anaweza kubadilisha rafadha peke yake, akikumbuka kwamba kupunguza pichi kwa inchi moja huongeza mizunguko 150 hadi 200 hivi kwa dakika. Kipimo cha haki ni kuendesha mashua ikiwa na mzigo wake wa kawaida, injini ikiachiwa kabisa, na kusoma mizunguko: ikipungua chini ya kiwango cha mtengenezaji, pichi ni kubwa mno, ikizidi, ni ndogo mno.

Kabla ya kununua chochote, ni lazima kuhakikisha kwamba rafadha iliyopo ni nzima. Katikati ya rafadha nyingi za injini za nje mna raba inayoishika shafti na kuikinga gia rafadha inapogonga mwamba, na raba hiyo ikichoka injini hunguruma huku mashua ikikaa palepale. Fundi makini huchora mstari mmoja wa rangi unaovuka kitovu cha ndani na kile cha nje, huendesha chombo kwa nguvu, kisha huangalia: mistari ikiachana, raba inateleza. Mapanga yaliyopindika au kuota magamba ya bahari hula nguvu vilevile, sawa na tumbo la chombo lisilokwanguliwa na kupakwa shahamu kwa muda mrefu.

Kimo cha injini nacho hupuuzwa mno. Injini za mguu mfupi, wa sentimita 38 hivi, mara nyingi hufungwa kwenye tezi ndefu inayohitaji mguu wa sentimita 51, na matokeo yake ni kwamba omo inapozama kwenye wimbi tezi huinuka, rafadha hunyonya hewa, na injini hupiga kelele bila kusukuma. Bamba lililo juu ya rafadha linapaswa kukaa sentimita chache chini ya tumbo la mashua, karibu iwezekanavyo na mkuku, kwani injini iliyofungwa pembeni mno hulazimisha usukani kupigana nayo muda wote.

Tanga likishika upepo, injini ya nje huinuliwa ikatoka majini. Mashua yenye injini ya ndani hubaki ikiburuta rafadha yake, na majaribio ya Chuo Kikuu cha Strathclyde nchini Uskoti, yaliyochapishwa mwaka 2008, yalionyesha kwamba rafadha inayoachwa izunguke kwa wepesi hukizuia chombo kwa kiasi kidogo kuliko iliyofungwa, ingawa si kila giaboksi inavumilia kuzunguka injini ikiwa imezimwa, na kitabu cha mtengenezaji ndicho cha kufuatwa.