Mtumbwi ni wa Nani? Utangulizi wa Taaluma ya Uanaume

Usiku kucha taa za wavuvi wa omena humetameta ziwani, na kukipambazuka mitumbwi hurejea. Ufuoni wanawake huwa wamefika zamani, karai mkononi, pesa zimefungwa kwenye pindo la leso. Kabla ya kumtazama samaki, humtazama mvuvi. Katika bichi nyingi za Ghuba ya Winam, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, pesa peke yake hazimpatii mchuuzi samaki. Yupo mvuvi aitwaye jaboya, na sharti lake ni mwili. Pesa nazo, mara nyingi, huchukua vilevile.

Nilipoanza kutafiti suala la jaboya nilibeba hojaji nene. Kwa nini unakubali? Una watoto wangapi? Unazijua hatari za virusi vya Ukimwi? Maswali yote niliwauliza wanawake. Hatua chache kutoka tulipoketi, wanaume walikuwa wakishona nyavu chini ya mti, nami niliwaamkia nikapita. Ni baada ya kurudi nyumbani na kupanga majibu ndipo nilipogundua kwamba aliyeweka sharti hakuwa na ukurasa hata mmoja.

Taaluma ninayokukaribisha inaanzia kwenye ukurasa huo uliokosekana. Ni mtoto wa ufeministi, na mtoto hamzidi mama umri. Tangu miaka ya 1970 mwanaanthropolojia Achola Pala alikuwa akichunguza uhusiano wa wanawake Waluo na ardhi waliyoilima. Mwaka 1995 mwanasosholojia Raewyn Connell alichapisha Masculinities, akieleza kwamba uanaume una sura nyingi, na kwamba katika kila jamii iko sura moja inayokalia kiti cha mbele.

Huku kwetu Kenya, mlango mzuri wa kuingilia ni kesi ya S. M. Otieno, wakili aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, na ukoo wa marehemu, Umira Kager, walibishania mahali pa kumzika kwa miezi mitano. Mwanafalsafa Henry Odera Oruka alitoa ushahidi kuhusu mila za Waluo. Ukoo ulishinda, na Mei 1987 marehemu akazikwa Nyalgunga, Siaya. Wanahistoria David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo waliichambua kesi hiyo katika Burying SM (1992). Ukiisoma leo, jiulize swali letu: wanaume wanaposimama mahakamani kuifasiri mila mbele ya majaji wanaume, mjane anabaki na nafasi gani? Sisi wasomi tusijifiche nyuma ya vitabu. Nasi tumekuwa mashahidi.

Utakutana na vishawishi viwili. Cha kwanza ni kujifanya mkombozi. Wanawake wa Kisumu hawakutungoja: Grace Onyango alikuwa meya wa mji huu mwaka 1965, na mwaka 1969 akachaguliwa mbunge, mwanamke wa kwanza nchini kuchaguliwa hivyo. Cha pili ni kumtetea jaboya kwa umaskini wake. Ni kweli, baharia wa mtumbwi huondoka na fungu dogo baada ya mwenye chombo kuchukua lake. Viwanda vya samaki viliposhamiri miaka ya 1980, minofu ya mbuta, yaani sangara, ilisafirishwa ng'ambo, na akina mama wa mtaa wa Obunga, Kisumu, wakabaki wakikaanga mgongo wazi, yaani mifupa iliyosazwa. Hayo yote yanaeleza kwa nini jaboya anabanwa. Hayaelezi kwa nini anayebanwa anamgeukia mwanamke. Hapo ndipo taaluma hii inapofanya kazi.

Basi mwanamume anayetaka kuwa mwenzi wa kweli afanye nini? Jibu langu halianzii kwenye hotuba wala fulana ya maandamano. Linaanzia kwenye umiliki. Mwaka 2011, katika bichi ya Nduru, wanawake wa kikundi cha No Sex for Fish, wakiongozwa na Justine Adhiambo Obura, walianza kumiliki mitumbwi yao wenyewe na kuwaajiri wanaume kuvua. Mwenye mtumbwi haombi samaki; anagawa. Na yule mwanamume aliyekubali kupokea ujira kutoka kwa mwanamke, mbele ya wenzake, alifanya jambo ambalo semina zetu nyingi hazijafanya. Hata hivyo, mbao za mitumbwi hiyo zilichakaa, na mwaka 2020 ziwa lilifurika likaimeza Nduru. Msomaji asidanganyike kwamba mtumbwi mmoja humaliza mambo.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 60, inataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria, mila na desturi za ardhi. Lakini katiba haiingii nyumbani kwako kukagua hatimiliki. Kwa hiyo, kabla ya kufungua sura ya kwanza, chukua karatasi. Andika jina lililo kwenye hati ya shamba lenu, anayeamka kwanza, anayeshika simu ya M-Pesa, na anayekatwa kauli wageni wakija. Usimwulize mkeo wala dada yako akujazie. Kisha, ukibahatika kufika ufuoni, usiwapite walio chini ya mti. Keti, shika upande mmoja wa wavu, na uwaulize unachotakiwa kujiuliza mwenyewe.